Kupima Upepo na Kubadilishana Nafasi za Matairi ya Gari Dogo: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu anayenunua gari lake la kwanza, hasa lile lililotumika Japani kisha likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, huwa na maswali yaleyale: nijaze upepo kiasi gani, nijaze lini, kwa nini matairi ya mbele yanaisha mapema kuliko ya nyuma, na kuna ubaya gani nikimwachia kijana wa kituo cha mafuta ajaze anavyojua? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Unahusu magari madogo ya abiria na magari ya familia yenye magurudumu manne. Malori, mabasi na pikipiki yana taratibu zake.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Kiasi cha upepo hakijulikani kwa macho, wala kwa kulipiga tairi teke, wala kwa mazoea ya anayejaza. Kimeandikwa kwenye gari lako, na hupimwa kwa geji tairi likiwa limepoa. Tairi la kisasa lisilo na tyubu linaweza kupungukiwa robo ya upepo wake na bado likaonekana limesimama vizuri, kwa sababu kuta zake hutuna kidogo hata likiwa na upepo kamili. Kwa hiyo macho yako yataliona tatizo wakati tayari limekwisha kulila tairi pembeni.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Geji yako mwenyewe ya kupimia upepo, ya mshale au ya kidijitali, inayosoma angalau hadi PSI 70 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Geji ya kituo cha mafuta huanguka chini na kukanyagwa na mipira ya magari kila siku, na hujui mara ya mwisho ilihakikiwa lini. Geji yako, hata kama si ya bei kubwa, inakupa kipimo kilekile kila mara.
- Pampu ndogo ya volti 12 inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, au pampu nzuri ya mguu. Si lazima, lakini inarahisisha kazi.
- Jeki ya gari lenyewe na spana ya nati za magurudumu.
- Spana inayopima nguvu ya kukazia, ukiweza kuinunua au kuiazima.
- Mawe mawili makubwa au vipande viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu yasibingirike.
- Tairi la akiba lenye upepo.
- Brashi ya waya, chaki, maji ya sabuni katika chupa ndogo, na daftari la kuandikia tarehe na kilomita.

Sehemu ya kwanza: kuijua namba ya gari lako

1. Fungua mlango wa dereva na utazame kwenye fremu ya mlango, chini ya kitasa au kwenye nguzo inayokabili kiti. Utaona kibandiko chenye ukubwa wa matairi na kiasi cha upepo. Katika baadhi ya magari kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta.

2. Soma kiasi cha mbele na cha nyuma, maana mara nyingi havifanani. Kibandiko cha gari la Japani huandikwa kwa Kijapani, lakini usiogope: herufi 前 ni mbele na 後 ni nyuma. Namba zenyewe ziko katika kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo), na pembeni yake huandikwa kipimo cha kgf/cm², kwa mfano 220 na 2.2.

3. Badilisha kPa kuwa PSI, kwa kuwa geji na pampu nyingi mitaani zinasomwa kwa PSI. Vipimo utakavyokutana navyo zaidi ni hivi: kPa 200 ni PSI 29, kPa 210 ni PSI 30, kPa 220 ni PSI 32, kPa 230 ni PSI 33, kPa 240 ni PSI 35, kPa 250 ni PSI 36. Ziandike namba zako mbili kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya kifuniko cha dashibodi, ili atakayeendesha gari hilo baada yako asilazimike kubahatisha.

4. Linganisha ukubwa wa tairi ulioandikwa kwenye kibandiko na ule ulioandikwa kwenye tairi lenyewe. Andiko kama 185/65R15 88H maana yake ni upana wa milimita 185, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, uwezo wa kubeba kilo 560 kwa kila tairi, na kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. Mmiliki aliyetangulia akiwa ameweka rimu kubwa zaidi, namba ya kibandiko haitalingana sawasawa na matairi yaliyopo, na ushauri wangu ni kurudi kwenye ukubwa wa kiwandani yatakapokwisha haya.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Ubavuni mwa tairi kuna maneno MAX PRESS yakifuatwa na namba, mara nyingi PSI 44 au 51. Hicho ni kikomo cha tairi, hakikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Tairi hilohilo laweza kufungwa kwenye magari kadhaa yenye uzito tofauti, na kila gari lina namba yake. Anayejaza hadi kikomo hicho analifanya tairi likanyage kwa katikati tu, na breki zake hupungua nguvu hasa barabara inapokuwa na maji.

Sehemu ya pili: kupima na kujaza

Fanya kazi hii mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Tairi zima lisilo na pancha hupoteza takriban PSI 1 hadi 2 kwa mwezi, kwa sababu hewa hupenya taratibu kwenye mpira wenyewe. Gari lisilopimwa kwa miezi minne linaweza kuwa na PSI 26 mahali palipotakiwa 32, na mwenye gari asihisi chochote isipokuwa mafuta kwisha upesi kidogo.

1. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi huhesabiwa kuwa limepoa gari likiwa limesimama kwa saa 3 au zaidi, au likiwa limetembea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa taratibu. Pima pia kabla jua halijachomoza sana, kwa kuwa tairi la upande unaopigwa na jua husoma zaidi kuliko la upande wa kivuli.

2. Fungua kifuniko cha vali na ukiweke mfukoni, si chini. Vifuniko vingi hupotea hivyo, na vali isiyo na kifuniko huingiwa na mchanga na tope vinavyoifanya ivujishe.

3. Bandika geji moja kwa moja juu ya vali kwa mkono thabiti. Sauti ya "psss" ikiendelea, geji haijakaa sawa na namba utakayoiona si ya kweli. Rudia mara mbili. Vipimo viwili vinavyofanana ndivyo vya kuamini.

4. Andika namba ya kila tairi, na usilisahau la akiba. Tairi jembamba la muda, ambalo magari mengi ya Japani huja nalo, huhitaji PSI 60, yaani kPa 420, na halipaswi kuendeshwa kwa kasi inayozidi kilomita 80 kwa saa. Nimeyaona mengi yakitolewa buti siku ya dharura yakiwa hayana upepo hata kidogo.

5. Jaza kinachopungua. Kama una pampu nyumbani, jaza hapohapo, pima tena, kisha rudisha kifuniko.

6. Kama pampu iko kituoni, tumia hesabu hii. Chukua upungufu ulioupata nyumbani tairi likiwa limepoa, kisha uuongeze kwenye namba utakayoisoma kituoni. Tuseme gari linahitaji PSI 32 na nyumbani ulisoma 28. Umepungukiwa na 4. Ukifika kituoni tairi limepata joto na geji inasoma 31. Usijaze hadi 32. Jaza hadi 35, na kesho yake asubuhi utaikuta 32.

7. Mtaje anayekujazia namba yako kabla hajaanza, ukitofautisha mbele na nyuma, kisha hakikisha kwa geji yako kabla hujaondoka. Vijana wa vituoni wanahudumia magari ya kila aina, na mtu asiyeambiwa namba atatumia ile anayoiona inatosha kwa wengi, ambayo mara nyingi ni 35 au 40 kwa magurudumu yote.

Usipunguze upepo wa tairi lenye joto. Dereva aliyetoka Dar es Salaam, akasimama Morogoro kupumzika na kupima, ataona PSI 36 au 37 mahali alipojaza 32, na atashawishika kutoa. Ongezeko hilo ni la kawaida, na walioweka namba ya kibandiko wamelizingatia. Akitoa, tairi likipoa usiku litakuwa na 27 au 28, na kesho ataendelea na safari akiwa na upungufu asioujua.

Inafaa kueleza kidogo kwa nini upungufu ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wengi huamini kuwa tairi hupasuka kwa kujaa mno. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko huzalisha joto. Ongeza kasi ya barabara kuu, lami ya saa nane mchana, na gari lililojaa watu na mizigo kuelekea Moshi mwezi Desemba, na joto hilo hufikia kiwango cha kuachanisha mpira na nyuzi zilizomo ndani. Tairi hilo linapopasuka, waliomo husema lilijaa sana. Ukweli ni kwamba lilikuwa limepungukiwa kwa wiki nyingi.

Kuhusu mizigo, vibandiko vya baadhi ya magari vina mstari wa pili wenye namba kubwa zaidi kwa gari lililojaa. Kama chako kinao, ufuate kabla ya safari, kisha urudi kwenye namba ya kawaida ukimaliza. Kama hakina, baki na namba iliyopo na upunguze mzigo.

Wapo wanaouliza kama wabadilishe upepo wanapopanda nyanda za juu. Kila joto linapopungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, upepo hushuka kwa karibu PSI 1, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Njombe ingepaswa kuonyesha upungufu kwa gari lililojazwa Dar es Salaam. Lakini mwinuko hufanya kinyume chake: hewa ya nje huko juu ni nyepesi, na geji husoma zaidi kwa sababu inapima tofauti kati ya ndani na nje. Mambo haya mawili karibu yanafutana. Pima asubuhi ulikofika, na kama tofauti ni ya PSI 1, liache tairi kama lilivyo.

Naitrojeni inayouzwa kwenye maduka makubwa ya matairi haina madhara, na inaweza kuchanganywa na hewa ya kawaida bila shida. Hata hivyo, hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari, na anayepima kila mwezi hahitaji kuilipia.

Sehemu ya tatu: ukaguzi kabla ya kubadilishana nafasi

Kubadilishana nafasi hufanywa kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwa anayemwaga oili kila kilomita 5,000, hiyo ni mara moja kwa kila oili mbili, na ndiyo njia rahisi ya kukumbuka. Sababu yake ni kwamba katika magari mengi madogo, kama Toyota IST, Vitz na Passo za kawaida, matairi ya mbele hubeba uzito wa injini, hulisukuma gari, hulikata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ya nyuma hufuata tu. Ukiyaacha mahali pamoja, utanunua mawili mapya wakati mengine mawili yangali na nusu ya uhai.

Kabla ya kuyahamisha, yasome, kwa sababu ulaji ni taarifa na ukishayahamisha hutajua tena ulitoka wapi. Tairi lililoliwa pembeni pande zote mbili liliendeshwa likiwa na upepo mdogo. Lililoliwa katikati lilijazwa mno. Lililoliwa upande mmoja tu linakuambia alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, imepotea. Lenye mabonde na vilima ukipitisha kiganja linaelekeza kwenye shokabsoba zilizochoka au balansi mbaya, yaani uzito wa gurudumu usiolingana pande zote. Matatizo ya alaimenti na shokabsoba yatengenezwe kwanza, maana ukihamisha matairi bila kuyatatua utaharibu mawili mengine kwa namna ileile.

Tazama pia kina cha kashata, yaani ule mpira uliochongwa mifereji unaokanyaga barabara. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyo kwenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi hilo limekwisha na halina nafasi nyingine kwenye gari. Kwa mvua za masika mimi husubiri hadi milimita 3 tu, kwa sababu tairi linalokaribia kipara halina tena pa kuyapitishia maji. Ubavu wenye uvimbe una nyuzi zilizokatika ndani, na tairi la namna hiyo halitengenezeki.

Mwisho soma umri. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyotumika yanayouzwa barabarani huonekana mazima kwa kashata, ilhali mpira umekwisha kukauka na kupasukapasuka. Kagua tarakimu hizo kabla ya kulipa.

Sehemu ya nne: kubadilishana nafasi kwa jeki moja

Amua kwanza mpangilio. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele: ya mbele yarudi nyuma kwa upande uleule, na ya nyuma yaje mbele kwa kupishana, la kulia likija kushoto na la kushoto likija kulia. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark II GX110, pamoja na magari mengi yanayosukumwa na magurudumu yote manne: ya nyuma yaje mbele kwa upande uleule, na ya mbele yarudi nyuma kwa kupishana.

Mipangilio hii haihusu matairi yote. Tairi lenye mshale au neno ROTATION ubavuni huzunguka upande mmoja tu, hivyo huhamishwa kati ya mbele na nyuma bila kuvuka upande. Gari lenye matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele halibadilishani hivyo kabisa. Na kama mawili ni mapya kabisa na mawili yamechakaa, mapya yabaki nyuma, ingawa desturi ya wengi ni kuyaweka mbele. Gari likiteleza nyuma kwenye maji ni vigumu sana kulirudisha, wakati la kuteleza mbele hurejea dereva akipunguza mwendo.

Hatua hizi ni za gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Utainua gari mara tano, gurudumu moja kwa wakati, tairi la akiba likishika nafasi.

1. Egesha mahali tambarare na pagumu. Jeki huzama kwenye mchanga na kwenye lami laini ya mchana. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P kwa gari la otomatiki, au gia ya kwanza kwa gari la gia za mkono. Kila unapoinua gurudumu moja, zuia kwa mawe, mbele na nyuma yake, gurudumu lililo kwenye pembe ya mkabala.

2. Andika kwa chaki kwenye kila tairi mahali lilipo: MK kwa mbele kulia, MS kwa mbele kushoto, NK na NS kwa ya nyuma.

3. Legeza nati za mbele kushoto kwa nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Ukisubiri hadi gari liwe juu, nguvu unayotumia inaweza kuliangusha kutoka kwenye jeki.

4. Weka jeki kwenye sehemu iliyotengwa, iliyo kwenye ukingo wa chini nyuma ya gurudumu la mbele au mbele ya gurudumu la nyuma, mara nyingi katikati ya pengo mbili ndogo kwenye bati. Inua hadi tairi liachane na ardhi. Usiweke mkono, mguu wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati.

5. Toa tairi MS na ulilaze chini ya ukingo wa gari, karibu na jeki, kama kinga endapo jeki itateleza. Safisha kwa brashi ya waya uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hukaa juu yake, kisha liondoe MS pale chini na ufunge tairi la akiba kwenye habu. Lile jembamba la muda linafaa kwa kazi hii, maadamu gari haliendeshwi nalo. Kaza nati kiasi, shusha gari.

6. Nenda nyuma kushoto. Rudia utaratibu uleule, toa NS na ufunge MS.

7. Nenda mbele kulia. Toa MK na ufunge NS.

8. Nenda nyuma kulia. Toa NK na ufunge MK.

9. Rudi mbele kushoto, toa tairi la akiba na ufunge NK. Mzunguko umekamilika.

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, anza vilevile kwa kuweka la akiba mbele kushoto, kisha MS liende nyuma kulia, NK mbele kulia, MK nyuma kushoto, na NS limalizie mbele kushoto. Katika gari la aina hii gia ya P na breki ya mkono vyote huzuia magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo unapoinua nyuma, usalama wako wote unategemea mawe uliyoweka mbele.

10. Katika kila gurudumu anza nati zote kwa vidole. Nati inayokataa vidole imeingia upande. Irudishe nyuma na uanze tena, kwa sababu ukiilazimisha kwa spana utaharibu uzi wa stadi, yaani ile bolti inayofungiwa nati. Upande wake uliochongoka uelekee rimu kwa rimu zinazotumia nati za namna hiyo.

11. Kaza kwa kurukia upande wa pili, si kwa kuzunguka: nati ya juu, kisha ya chini upande mmoja, kisha ya ubavuni, hadi zote zikae. Ukazaji wa mwisho ufanyike gurudumu likiwa chini. Magari mengi madogo ya Toyota yanahitaji nyutoni-mita 103, kipimo kinachosomwa kwenye ile spana inayopima nguvu ya kukazia. La kwako liangalie kitabuni. Kusimama juu ya spana na kurukaruka huvuta stadi na kuidhoofisha, na mashine ya upepo ya gereji ikiachiwa mpaka mwisho hufanya vivyo hivyo. Usipake oili wala grisi kwenye stadi, maana nati iliyopakwa hukazika zaidi ya kipimo kinavyosema.

12. Rekebisha upepo. Hatua hii husahaulika kuliko zote: matairi yaliyokuwa nyuma yamekuja mbele yakiwa na upepo wa nyuma. Yapime na kuyapa namba ya nafasi zao mpya.

13. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari, na baada ya kilomita 50 hadi 100 hakiki tena ukazaji wa nati zote.

Sehemu ya tano: mambo yakienda kombo

*Tairi moja linapungua kila wiki.* Paka maji ya sabuni kwenye kashata, kwenye vali na kwenye mshono wa tairi na rimu, kisha tafuta mapovu. Povu katikati ya vali huashiria kiini chake kimelegea au kimechakaa, na kubadilishwa kwake ni kazi ndogo. Povu kwenye mshono huonyesha kutu au tope kwenye rimu. Tairi livuliwe na rimu isuguliwe. Ukiona msumari, usiung'oe. Mpelekee fundi pancha ukiwa umo. Tundu lililo kwenye kashata huzibika, la ubavuni halizibiki, na fundi anayekubali kuziba ubavu unampa maisha yako.

*Gurudumu haling'oki ingawa nati zimetoka.* Kutu imelishika kwenye habu. Rudisha nati kwa vidole bila kuzikaza, shusha gari, ondoa mawe na ulisogeze mbele na nyuma kwa hatua chache. Likishaachia, zuia tena na uinue. Usilipige nyundo gari likiwa juu ya jeki.

*Nati haifunguki kwa spana ya gari.* Acha, usiivunje. Peleka gereji ilegezwe, kisha ikazwe kwa kipimo sahihi, ili siku ya pancha njiani uweze kuifungua mwenyewe.

*Usukani unatetemeka kwenye kasi ya 80 hadi 100.* Tairi lililokuja mbele halina balansi, na lilipokuwa nyuma hukulihisi. Kama mtetemo upo hata kwenye mwendo mdogo, simama mara moja uhakiki nati, kisha uangalie kama uchafu ulibaki kati ya rimu na habu.

*Kuna mvumo mpya.* Matairi yaliyokuwa yamezoea nyuma husikika zaidi yakiwa mbele, na mara nyingi sauti hupungua baada ya kilomita mia chache. Mvumo unaoongezeka ukikata kona upande mmoja na kupungua upande mwingine ni wa beringi, na hauna uhusiano na kazi uliyofanya.

*Taa ya upepo imewaka.* Ni ile yenye alama ya mshangao ndani ya umbo lililokatwa la tairi, na ipo zaidi kwenye magari yaliyotoka Ulaya na Marekani. Pima matairi yote kwanza. Yakiwa sawa, mfumo unahitaji kufundishwa nafasi mpya kwa utaratibu ulioelezwa katika kitabu cha gari.

*Gari linavuta upande mmoja.* Pima upepo wa mbele pande zote mbili, kwani tofauti ya PSI 4 au 5 inatosha kulivuta. Upepo ukiwa sawa, linganisha na hali ilivyokuwa kabla ya kubadilishana nafasi. Kama mvuto umekwisha au umehamia upande wa pili, sababu ni tairi. Kama umebaki palepale ingawa matairi ya mbele ni mengine kabisa, mpeleke fundi wa alaimenti, na umwombe akague pia kama breki ya upande huo inashika bila kukanyagwa.